Mawe Niliyoyasimamisha

Harufu ya chokaa mbichi siipendi, na mtu asiniambie kwamba ni harufu ya usafi. Mwezi uliopita nilikwenda kumzika Baba Wendo, kijijini kwao, njia ya Kongwa. Nilipofika nikakuta vijana wa kanisa wanapaka mawe chokaa kutoka barabarani hadi uani, ili magari ya wageni yajue pa kukunja. Ndoo ilikuwa kivulini, brashi ya katani inazama na kutoka. Nikasimama pale na kanga yangu ya msiba, mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa, na pua ikanirudisha darasa la tano, vidole vimechubuliwa na chokaa na kichwa kimevimba kwa sifa.

"Shikamoo, mama. Unatafuta kiti?" kijana mmoja akaniuliza.

"Marahaba. Sitafuti kitu, mwanangu."

Uongo huo. Nimekuwa mwepesi wa kudanganya watu wa nyumba ile tangu nikiwa mdogo.

Nyinyi wenzangu mliokulia Dodoma enzi zile hamhitaji kuelezwa shida ya maji. Bomba la nyumbani lilikuwa pambo. Tuliamka tukapanda mlima hadi kwenye tangi, tukapanga madumu foleni, na tukishajaza tukayateremsha kwa vigari vya beringi: ubao mpana, beringi mbili nyuma, mbili mbele, na kipande cha mbao cha mbele kilichoshikwa na bolti moja katikati ili kigeuke kulia na kushoto. Huo ndio usukani. Unakaa, unaweka miguu juu yake, unausukuma na nyayo. Breki ilikuwa kipande cha tairi kilichopigiliwa ubavuni, na kama hakikushika, breki ilikuwa kisigino chako.

Vigari vyote vya mtaani kwetu alivitengeneza Baba Wendo. Alikuwa fundi wa malori kwenye karakana ya shirika la umma, mpaka mashirika yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa. Waliambiwa sasa ni ruksa, kila mtu afanye biashara yake, kana kwamba biashara ni embe, unaokota tu. Wenzake wengine walikaa barazani wakilaumu. Yeye alirudi nyumbani na sanduku la beringi chakavu ambazo hakuna aliyezitaka, akaweka benchi la mbao chini ya bati, akaanza kuziosha kwa mafuta ya taa, moja baada ya nyingine. Aliizungusha beringi kidoleni, akaiweka sikioni na kusikiliza. Ikilia vibaya aliitupa, hata kama mteja alikuwa anasubiri.

Kwao ni Wagogo, Wakristo. Sisi ni Wanyamwezi wa mjini, Waislamu; babu wa babu yangu alikuja na misafara ya pembe, ile iliyowalipa Wagogo hongo ili ipite na kunywa maji, akachoka akabaki. Basi tulikuwa watani, na Baba Wendo hakuniacha nipite bure hata siku moja.

"Mtani, lipa hongo! Babu yako alikunywa maji ya babu yangu bila kulipa."

"Hakunywa!" nilikuwa najibu. "Alionja akatema. Yalikuwa ya chumvi, na mpaka leo yana chumvi!"

Alicheka mpaka spana ikamdondoka. Kwetu baba hakuwa mtu wa kucheka na watoto, kwa hiyo nilipenda kupita pale hata nikiwa sina dumu la kujaza.

Wendo, binti yake, alikuwa rika langu, mwembamba, mkavu, haogopi kitu. Alisoma shule nyingine, ng'ambo ya reli, lakini Jumamosi alikuwa wangu. Tukimaliza kuteka maji tulipandisha kigari kitupu hadi kwenye tangi na kushindana na watoto wa mitaa mingine. Yeye dereva, mimi utingo: nasukuma kwa nguvu zangu zote, kigari kikishika kasi narukia nyuma na kumkumbatia kiunoni. Beringi kwenye lami zinapiga kelele ya kukereza meno, cheche zinaruka, mama wa watu wanatutukana kutoka milangoni. Wendo hakupoteza hata mara moja. Wavulana walisema ni kigari cha baba yake. Si hilo peke yake. Alikuwa na miguu inayojua lami.

Barabara yenyewe ilishuka moja kwa moja kutoka kwenye tangi, halafu ikakata kona kwenye pembe ya shule yetu. Nje ya kona ile palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, mrefu kwenda chini kuliko mimi, umejengwa kwa mawe. Ukishindwa kukunja, unaingia humo. Wazazi wengine walituchapa wasije wakatuona pale tena. Baba Wendo alikuja siku moja na sururu begani, akatukuta tumepanga mstari, tukajua leo tunakula viboko. Badala yake akachuchumaa kwenye kona, akaiangalia muda mrefu, akaanza kuchimba.

Alipanga mawe bapa kwenye ukingo wa lami, kuizunguka kona nzima. Hakuyasimamisha. Kila jiwe alilifukia ubavu mmoja mpaka likawa sawa na lami, na ule wa upande wa mtaro akauacha umeinuka kimo cha vidole vitatu. Kisha akachukua kigari chetu, akakisukuma kwa mkono kwenye mawe. Gurudumu likapanda kidogo, likateleza, likarudi lenyewe barabarani.

"Mmeona? Jiwe likisimama, linapigana na gurudumu, na anayeumia ni wewe uliyekaa juu. Likilala, linalipokea na kulirudisha. Mtani, umesikia?"

"Nimesikia, Baba Wendo."

Nilisikia, ndiyo. Ila nilichoelewa ni kitu kingine kabisa. Nilidhani mzee kachoka kuchimba. Niliamini kimoyomoyo kwamba angekuwa na nguvu zaidi angetujengea ukuta, na kwamba maneno yale alikuwa anafunika uvivu wake kama watu wazima wanavyofanya. Nikamhurumia hata. Mtoto akimhurumia mtu mzima kwa ujinga wake mwenyewe, mjue kuna balaa linakuja.

Likaja na mgeni rasmi. Tuliambiwa Ijumaa ya wiki moja kwamba Jumatatu yake atapita shuleni, na shule ikageuka kambi. Mnakumbuka mambo yale: hakuna kusoma, ni fagio, jembe na chokaa. Mimi nilikuwa kiranja wa mazingira. Mwalimu wa mazingira alitaka njia yote ya kuingilia shuleni, kutoka kwenye kona, izungushiwe mawe ya kusimama, yameegemeana kidogo, ncha juu, kama meno.

"Mawe yasimame kama nyinyi mstarini!" alikuwa anapiga kelele. "Sitaki jiwe linalolala!"

Kila mwanafunzi alileta mawe mawili kutoka mlimani. Hayakutosha. Tulipokaribia kona mstari ukakatika, mwalimu akashika kiuno. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyenilazimisha. Ni mimi mwenyewe niliyenyoosha kidole nikasema, "Mwalimu, pale kwenye kona kuna mengine, yamelala tu."

"Haya, yainueni."

Tukayang'oa kwa jembe, jiwe baada ya jiwe, tukayasimamisha palepale yalipokuwa, kwenye ukingo wa lami, ncha juu, tukayapaka chokaa. Jua la saa tisa lilipoyapiga, yaliumiza macho kwa weupe. Mwalimu akanisimamisha mbele ya shule nzima, akasema, "Huyu Zuhura ana jicho." Nilitembea nyumbani siku ile kama nimepewa nchi. Wala sikuwaza sifa tu, Mungu ni shahidi. Nilimwaza Wendo. Nilisema sasa mtaro hautamgusa tena, nimemmalizia kazi aliyoshindwa baba yake.

Baba Wendo mwenyewe hakuwepo. Mchana uleule, mawe yakiwa bado yamelala, alipanda basi kwenda Kongwa, kuna mfanyabiashara alitaka mikokoteni.

Jumamosi tukapanda mlima na kigari, mimi na Wendo. Tulipofika kwenye kona akasimama. Aliangalia meno yale meupe, akayagusa kwa kidole cha mguu.

"Nani kayainua?"

"Sisi. Mimi ndiye niliyesimamia," nikasema. "Si mazuri?"

"Mazuri. Baba aliyaona kabla hajapanda basi?"

Nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na mume wangu. Ningesema hapana, tungesukuma kigari taratibu, au tungerudi nyumbani, au tungebishana tukapigana, na Jumatatu ingekuja kama Jumatatu nyingine. Lakini nilitaka aone uzuri wa kazi yangu. Nilitaka asiulizeulize.

"Aliyaona," nikamwambia. "Alisema mazuri sana."

Wendo akaanza kusukuma. Kama baba yake kasema mazuri, basi.

Juu kwenye tangi walikuwepo watoto wa mtaa wa pili na kigari chao kipya. Mtu akahesabu tatu, nikasukuma, nikarukia. Tulishuka vizuri. Tuliwaacha. Kwenye kona Wendo alikunja kama alivyokunja mara zote, akaliacha gurudumu la nje liende kwenye ukingo, kwa sababu alizoea kwamba ukingo utalipokea na kulirudisha. Halikupokelewa. Nilisikia mlio mmoja mfupi, chuma na jiwe, kigari kikasimama palepale kama kimefungwa kamba. Mimi nilibwagwa kwenye lami, nikachubuka viwiko. Yeye alipita juu ya mawe yangu akaingia mtaroni, na paja lake likapiga ncha ya jiwe akiwa anapita.

Sitaeleza ule mguu. Watu wazima walikuja, wakamtoa kwa mlango uliong'olewa kwenye bawaba, wakampeleka hospitali. Huko ndiko Mama Wendo alikoambiwa alete plasta mwenyewe, na bandeji alete mwenyewe, maana siku hizo hata kuvunjika tulikuwa tunachangia. Ilipita siku nzima kabla mguu haujafungwa. Uliunga, lakini uliunga mfupi.

Jumapili jioni mwalimu wa mazingira akaniita. Jiwe moja lilikuwa na damu. Hakunigombeza, na wala hakunitazama. Alinipa ndoo na brashi.

"Paka mara mbili," akasema.

Nikapaka mara mbili. Damu ilipenya ile ya kwanza ikawa kama chai ya maziwa, ya pili ikafunika. Jumatatu mgeni rasmi akaja, akasifu mazingira, nikaitwa mbele kama kiranja, akanishika mkono. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya chokaa. Akasema, "Huu ni mkono wa mchapakazi." Watu wakapiga makofi.

Magari yalipoondoka tu, mwalimu akatuambia tuyarudishe mawe ya kona yalivyokuwa. Yarudisheni yalivyokuwa, haraka, basi, mambo yaishe. Wenzangu hawakujua yalivyokuwa. Nilijua mimi. Nilikuwa nimemwangalia Baba Wendo kwa makini kuliko nilivyodhani. Niliyafukia ubavu mmoja mmoja sawa na lami, nikaacha vidole vitatu upande wa mtaro, nikapima kwa vidole vyangu. Sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, wala sijafanya tena.

Ndiyo maana Baba Wendo aliporudi Jumanne, akatoka hospitali akapita kwenye kona, alikuta mawe yamelala kama alivyoyalaza. Yamepakwa chokaa, basi. Kila kitu kilikuwa kimepakwa chokaa wiki ile. Watoto wote wa shule walijua, na wote walikuwa wameshika jembe, hivyo hakuna aliyefungua mdomo. Watu wazima hawakujua tofauti. Kwao jiwe ni jiwe.

Likabaki kosa moja tu la kutafutwa, na akalitafuta kwenye kigari. Alikifungua chote, akakipanga juu ya gunia: mbao, misumari, beringi nne, bolti. Siku tatu nilipita nikamkuta amechuchumaa mbele ya gunia lile. Aliziweka beringi sikioni, akazisikiliza, akaziweka chini. Siku ya nne akaniita. Hakudai hongo.

"Mtani, njoo. Wewe ulikuwa nyuma yake. Mwenzako hasemi kitu, nikimuuliza anageukia ukutani. Niambie ukweli, usinionee haya kwa sababu mimi ni mkubwa. Usukani uligoma?"

Alikuwa ameishika ile bolti. Mkono wake ulinuka grisi na mafuta ya taa, kama siku zote. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua anataka jibu lolote, mradi liwe jibu. Nikawaza mwalimu. Nikawaza fimbo, baba yangu, na shule nzima niliposimamishwa mbele. Nikasema, "Uligoma."

Akatikisa kichwa polepole.

"Nilijua. Ni hii. Niliikaza mno." Halafu akanishika bega. "Asante, mtani. Wengine wote wananificha."

Loo! Angenipiga na ile bolti ingekuwa nafuu.

Wiki ile alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akaomba vigari vyote alivyowahi kutengeneza. Waliomkatalia aliwapigia magoti, fundi mzima, mbele ya wake zao. Akavivunja. Foleni ya maji ikarudi kuwa ya ndoo kichwani, na pale foleni ndipo nilipomsikia Mama Wendo akisema bila kupunguza sauti, "Kamvunja mtoto kwa mikono yake mwenyewe." Benchi likauzwa. Baba Wendo akawa mlinzi kwenye duka la mtu, anakaa kwenye kiti na rungu, yule aliyekuwa anasikiliza chuma kikiongea. Ukimletea hata baiskeli ya kukaza nati, alisema, "Hapana, mimi mkono wangu haufai."

Na utani hakuuacha. Ningependa auache. Mpaka nimeolewa, mpaka nimezaa, alikuwa akiniona anadai hongo ya maji, halafu anawaambia watu walio karibu, "Huyu mtani wangu hana unafiki. Siku ya shida yangu ni yeye peke yake aliyeniambia ukweli." Mimi nachekacheka. Naondoka.

Basi mwezi uliopita tukamzika. Kabla ya jeneza kushushwa, mzee aliyekuwa anaongoza shughuli akauliza, kama ilivyo desturi, "Watani wapo? Wanyamwezi mpo, au mmekimbia hongo?" Watu wakanigeukia. Nilikuja nimejiandaa. Nilijiambia mara hii nasema, mbele ya jeneza, mbele ya ukoo wote, wanifanye watakavyo. Nikasimama kando ya kaburi.

"Huyu mnayemlaza hapa," nikasema, "alikufa akiamini alimlemaza mwanawe. Bolti yake haikuwa na kosa. Mawe ya kona niliyang'oa mimi, nikayasimamisha mimi, nikapewa sifa mimi. Nikamwambia Wendo baba yake kayaona, hakuyaona. Na yeye aliponiuliza, nikamdanganya."

Kisha mtu mmoja nyuma akapasua kicheko.

"Mnyamwezi kakiri! Hongo ya karne nzima leo inatoka!"

Wakacheka. Wakacheka wote, kicheko kile cha msibani kinachopumzisha watu. Nikapaza sauti, "Sitanii, nasema kweli, ni mimi!" Wakazidi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee muongozaji akafuta machozi kwa kofia yake, akasema, "Mtani kaifanya kazi yake, marehemu ameagwa vizuri." Wakanipa nafasi nirushe udongo, kwa heshima.

Wendo hakucheka. Alikuwa kwenye mkeka na wanawake wa nyumba, mguu mfupi ameunyoosha mbele. Watu walipotawanyika kwenda kula, nikaenda nikapiga magoti kando yake.

"Wendo, sikuwa natania."

"Najua. Si nilikuwepo?"

"Mbona hukumwambia mzee, miaka yote hiyo?"

Alikunja kanga yake juu ya goti, bila haraka.

"Mwanzoni nilikuonea huruma. Nikasema atakuja mwenyewe. Nikakungoja uje siku ya kawaida tu, umkute pale nje na rungu lake, umwambie, akukasirikie, halafu arudi kwenye benchi lake. Zuhura, nimekungoja mpaka yeye amekufa. Na wewe umechagua siku ambayo mtani hakasirikiwi."